Kwa Zuhura, Mwanafunzi Niliyemnyamazisha

Mwanangu Zuhura,

Salamu za baba yako zikufikie ukiwa umekaa karibu na dirisha la garimoshi. Nimemwambia mjomba wako Athumani akutafutie kiti hicho, na akupe barua hii mtakapokwisha kuondoka, si kabla. Nimeiandika kwa herufi zetu za Kiarabu za chuoni ili abiria wa ubavuni mwako asiisome. Haya ni yetu mimi na wewe.

Sasa ni alasiri. Nimekwisha kusali, watoto wa chuo wamekwenda zao, nawe umekwenda Mtongwe kumuaga shangazi yako. Mamako yuko uani anakunja nguo zako kwa mara ya tatu. Habari za sanduku, za mafuta ya nywele, za blanketi la baridi ya milimani, amekwisha kukueleza yeye kwa mikono yake, na mikono yake hufahamika kuliko kalamu yangu. Mimi sina la kukuagiza. Nina ya kukiri, na nimeona bora uyasome nikiwa mbali nawe, usije ukanitazama usoni nikashindwa.

Barazani pamenyamaza. Jua limeingia kwa pembeni, limelala juu ya mikeka, na katika mwanga wa namna hii mimi hukuona una miaka sita. Sijui kama ni kumbukumbu au ni macho yangu yaliyochoka. Umekaa karibu na goti langu, kibao chako mapajani, na sauti yako inatangulia za wenzako wote. Ulikuwa umefika katikati ya juzuu amma ya Kurani, na herufi ulikuwa umezijua kabla ya wavulana waliokuzidi miaka. Nikikuita, hata ukiwa kisimani, huitika, "Abee, baba!" kwa sauti ya kuimba, na majirani wakicheka.

Kisha ikaja ile homa ya masika. Siku saba ulilala kwenye kitanda cha mamako, mvua ikinyesha juu ya makuti, nasi hatukujua mchana ni upi na usiku ni upi. Siku ya nane homa ikashuka. Nilikuja mlangoni nikakuona umekaa, unacheza na mstari wa jua ulioingia ukutani. Unautia mkono, unautoa, unautia. Nikakuita, hukuitika. Nikakuita mara ya pili, na ya tatu, kwa ukali. Nikaingia nikakuchapa mkononi. Nilikuchapa kwa kutoitika, mwanangu. Ukanitazama kwa mshangao, kama mtu aliyepigwa na asiyemjua.

Mamako alikuja mbio kutoka jikoni. Akasimama nyuma yako, akapiga makofi mawili karibu na kichwa chako. Hukugeuka.

"Hasikii," akasema. "Maalim, mtoto hasikii."

Tulivuka feri kwenda hospitali, tukarudi. Daktari alisema homa imekula masikio, na kwamba hapana dawa. Mamako alilia njia nzima, kisha tulipofika nyumbani akaacha, na jioni ile ile akaanza kukufundisha. Alishika sufuria, akakuonyesha alama ya sufuria. Alishika maji, akakuonyesha alama ya maji. Katika mwezi mmoja mlikuwa na lugha nzima ya jikoni, mkicheka juu yake, nami nikipita mlangoni kama mgeni. Sikuomba kufundishwa. Mimi nilikuwa maalim, na maalim hufundisha.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Yapata mwaka na zaidi baada ya homa, alikuja mgeni kutoka Lamu, mtu wa elimu, akapumzika kwetu siku mbili. Niliwapanga wanafunzi barazani wamsomee. Walisoma mmoja mmoja, vizuri, nami nikajisikia mkubwa. Alipomaliza wa mwisho, ulisimama wewe. Hapana aliyekuita. Ulikuwa na gauni la kijani, na mikono umeifunga kifuani kama nilivyokufunza. Ukaanza kusoma sura uliyoihifadhi kabla ya kuugua.

Sauti yako ilikuwa imekwisha kubadilika. Ilipanda pasipo na haja ya kupanda, na maneno mengine yalikuwa yamepoteza kingo zake. Lakini hukuruka hata neno moja, wallahi. Nilikuwa nahesabu. Watoto wawili watatu wakacheka. Nilimtazama mgeni, nikaona ameinamisha kichwa. Ndipo nilipoinuka, nikavuka mkeka, nikakuweka kidole mdomoni.

Ulitabasamu. Ulidhani nacheza nawe. Kisha ukawatazama waliokuwa wakicheka, ukanitazama tena mimi, na lile tabasamu likaondoka polepole, nalo halikurudi kwangu kwa miaka mingi. Tangu siku hiyo ikapita miaka hukutoa sauti mbele ya watu.

Kuna jambo hukulijua, wala mamako hakulijua. Nilipomsindikiza mgeni yule hadi ferini, aliniuliza, "Yule binti, mbona ulimkatiza?"

Nikasema, "Niwie radhi, sheikh. Ni mgonjwa wa masikio, hajui anasomaje."

Akasema, "Mimi nilikuwa namsikiliza."

Akapanda feri. Mimi nikarudi nyumbani kwa miguu, njia ya mikorosho, na maneno yale nimeyaficha ndani ya kifua changu mpaka leo hii ninapoyatoa mbele yako.

Nilikupa kazi ya kuosha vibao. Watoto wakiisha kusoma, wewe unakusanya vibao vyao na kuufuta wino wa masizi kwa maji na kitambaa. Nilijiambia kuwa nimekupa heshima, kwamba uko karibu na elimu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekutoa mkekani nikakuweka mlangoni. Nilikuwa nikisomesha watoto wa Likoni nzima, na wangu alikuwa akiwaoshea.

Basi siku moja, kabla ya kibao kimoja kuoshwa, nilikiona kina nukta ambayo asubuhi haikuwapo. Yule mvulana mwenye kibao alikuwa ameisahau, nami nilikuwa nimepitiwa. Nukta ilikuwa mbichi. Nikauliza watoto, hapana aliyejua. Siku ya pili nikaandika mimi mwenyewe, kwa makusudi, neno lenye kosa, nikakiacha kibao kwenye lundo lako, nikajibanza nyuma ya mlango. Ulikichukua. Ukakisoma, midomo ikicheza bila sauti. Ukakunja uso. Ukachovya ncha ya kidole kwenye masizi, ukasahihisha, ukakitazama tena kwa kuridhika, ndipo ukakiosha.

Kumbe miaka yote ile ulikuwa ukisoma kila kibao kabla ya kukifuta. Vibao ishirini kwa siku. Umesoma kuliko wanafunzi wangu wote.

Nilitoka nikakaa chini mbele yako. Nilikuwa sina lugha ya kukwambia kitu. Nikakupa kibao kitupu na kalamu, na wewe, bila kufikiri sana, ukaandika maneno mawili: "Na mimi."

Ningependa kukuandikia kwamba siku ile ile nilikurudisha mkekani. Sikukurudisha. Nilikubusu kichwani, nikaenda msikitini, nikakaa na jambo hilo karibu mwaka mzima. Niliogopa wazee wa watoto wengine, watasema Maalim anapoteza wakati wa watoto wetu kwa kiziwi wake. Mtu akikwambia kwamba anangoja wakati mwafaka, Zuhura, mtazame vizuri. Huenda ni mwoga tu, kama nilivyokuwa mimi.

Aliyekuja kunitoa woga ule alikuwa msichana wa Kitaita ambaye hata nywele zake hazikuwa zimefunikwa. Mwalimu Wakio alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka, akifundisha katika ile skuli ya msingi ya barabarani. Alibisha hodi siku ya Ijumaa, akaniamkia vizuri.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekuja kwa ajili ya Zuhura. Huja kusimama dirishani pa darasa langu akienda dukani. Juzi nilimpa chaki kupitia dirishani, akaniandikia hesabu niliyokuwa nimeiandika ubaoni, na jawabu lake."

Nikamwambia, "Hasikii."

"Najua. Lakini anaona." Kisha akasema, bila ufidhuli, "Hapa kwako anasoma na nani?"

Mamako alikuwa nyuma ya pazia, nikamsikia akivuta pumzi.

Mwalimu mkuu alikataa kwanza. Alisema skuli yake si ya viziwi, na kwamba utawachelewesha wenzako. Mwalimu Wakio akamwambia, "Mtie kwangu, mstari wa mbele. Wakichelewa, nitawajibika mimi." Ukaingia darasa la kwanza ukiwa na miaka kumi, magoti yako yakigusa dawati, katikati ya watoto wadogo. Riziki wa jirani ndiye aliyekaa nawe. Juma la kwanza ulirudi umechafuliwa daftari kwa wino, nami nikasema basi, imetosha. Ulinitazama, ukalichukua daftari, ukalianika juani.

Nilikuwa nikipita pale nikitoka shambani, nikijifanya nafunga kamba ya kiatu. Nikayaona mageni. Mwalimu Wakio aliacha kusema akiwa ameelekea ubaoni. Huandika kwanza, kisha akageuka, ndipo akasema. Watoto nao aliwazoeza kuinua mkono na kungoja mpaka umemwona ni nani anayetaka kusema, ndipo aseme. Darasa la watoto arubaini, likangoja macho yako yafike. Riziki aliniambia miaka baadaye, "Maalim, sisi tulipenda. Zamani waliokuwa wakisikika ni wenye makelele tu." Na mkichoka, mlisemezana kwa vidole chini ya madawati, darasa zima, mwalimu akijifanya haoni.

Mwezi wa tatu wa masomo yako mwalimu Wakio alikuja tena kwetu. Safari hii alikuwa na haya, akizungusha kikombe cha kahawa mkononi.

"Maalim, nina jambo, lakini naogopa kukukosea adabu."

"Sema."

"Zuhura ameniandikia kwamba anafahamu midomo ya mamake, ya Riziki, na yangu. Yako hafahamu. Nikamuuliza kwa nini." Akakiweka kikombe chini. "Anasema haioni. Ni masharubu, Maalim."

Mamako, nyuma ya pazia, alicheka mpaka akakohoa. Nami nilikaa pale nimeishika midomo yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomesha watu kila mwaka kwamba ndevu hufugwa na masharubu hupunguzwa, nami yangu nilikuwa nimeyaachia yakashuka kama pazia, kwa uvivu na kwa kujiona. Na kwa miaka minne nilikuwa nikisema, "Mtoto huyu hanijali, hata hanitazami." Ulikuwa unanitazama. Nilikuwa nimejificha.

Alasiri ile niliyakata kwa mkasi wa mamako, mbele ya kioo kidogo, nikajikata kidogo. Nilikukuta uani unachagua mchele. Nikachuchumaa mbele yako. Ulinitazama mdomo kama mtu anayetazama nyumba iliyofunguliwa madirisha. Nikasema jina lako, polepole, bila kupaza sauti, maana nilikuwa nimekwisha kufahamu kwamba hapakuwa na haja ya sauti.

"Zuhura."

Ukasema, "Abee."

Haikuwa kama ile ya zamani. Ilikuwa nzito, ya chini, na mwisho wake ukakatika. Mchele ukamwagika. Nilisema jina lako tena, ukaitika tena, tukakaa vile, nikiita na ukiitika, sijui kwa muda gani. Kuku wakala mchele wote, na mamako hakuwafukuza.

Kesho yake nilikukalisha mkekani, mbele, karibu na goti langu. Nilikuwa nawasomea wengine, kisha nakugeukia wewe, unasoma kwa sauti yako ile ile. Aliyecheka nilimtazama tu. Wazee watano walikuja.

"Maalim, tunakuheshimu," mmoja akasema, "lakini watoto wetu watashika matamshi mabovu."

Nikasema, "Watoto wenu watashika subira. Matamshi nitawapa mimi."

Watatu wakaridhika. Wawili wakawaondoa watoto wao, na mmoja wao, wamjua, hanisalimii mpaka leo. Huniuma kila Ijumaa tukikutana mlangoni pa msikiti. Sitakwambia kwamba kufanya jambo la haki humfurahisha kila mtu, wala kwamba nimezoea.

Nikadhani basi nimetubu na makosa yamekwisha. Kumbe nilianza jingine. Kwa kuwa nilikuwa nimekunyamazisha, nikataka kukulipa kwa kukusemea. Dukani mwenye duka akiuliza, "Anataka nini huyu?" mimi hujibu. Shangazi yako akiuliza, "Zuhura yu hali gani?" mimi hujibu, na wewe umekaa pale pale. Ulikuwa na miaka kumi na minne siku ile uliponishika mkono dukani, ukaushusha, ukamgeukia mwenye duka, ukasema, "Sukari. Nusu ratili." Akasema hakufahamu. Ukasema tena. Akasema hakufahamu. Watu walikuwa nyuma yetu, wanangoja, na jibu lilikuwa linanichoma ulimi. Ukasema mara ya tatu, ukionyesha. Akafahamu. Tulipotoka uliniandikia vumbini kwa kidole cha mguu: "Nakuwa na wewe, lakini siko." Nililifuta kwa ndara mtu asilione, lakini mimi limenikaa.

Huko milimani uendako, kwa mwalimu Wakio, utakuwa na watoto wanne wasiosikia, na utawapenda, na mapenzi yatakutia hamu ya kuwasemea. Sikukatazi. Nakwambia tu yaliyonipata.

Na sasa lile zito kabisa, ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Barua ya mwalimu Wakio iliyofika kabla ya Ramadhani haikuwa ya kwanza. Tangu alipohamishiwa kwao milimani alikuwa amekwisha kuandika nyingine, miezi minne nyuma yake. Alieleza yale yale: kwamba amewakusanya watoto wanne viziwi katika darasa lake pamoja na wanaosikia, kwamba wadogo wale hawajapata kumwona mtu mzima aliye kama wao, na kwamba anakuomba ukae nao na ufundishe naye. Barua ile sikukupa. Niliitia ndani ya kitabu, nikakirudisha kitabu rafuni.

Nilijipa sababu nyingi. Kwamba ni mbali. Kwamba huko si watu wa dini yetu. Kwamba nchi inageuka, uhuru uko mlangoni, na hapa barazani watu wanabishana kutwa Pwani itakuwa ya nani. Huu si wakati wa kumtoa mtoto wa kike. Lakini usiku mmoja wa sababu hizo ulikuwa mrefu kuliko nyingine, na alfajiri nikaikuta ile ya kweli: nimezoea kukuona. Chuo changu kimekuwa chuo kwa sababu yako. Ilipofika ile barua ya pili mikononi mwako mwenyewe, ukanijia unakimbia ukaniwekea mapajani, nilijifanya naisoma habari mpya. Nilikunyima miezi minne, Zuhura. Mara ya pili nimekuweka kidole mdomoni, na safari hii hapakuwa na mgeni wa kumwonea haya.

Nisamehe ukiweza. Usiharakishe.

Huniuliza mara kwa mara kama katika ndoto zangu nakuona unasikia. Nilikuwa nikikwambia sikumbuki. Miaka ya kwanza, ndiyo. Kila ndoto ulikuwa unasoma kwa sauti ile ya zamani, nami nikiamka nafanya kuomboleza. Sasa sivyo. Juzi nimeota tuko wote kwenye uwanja mpana mweupe, mfano wa ufuo maji yakiwa yametoka, watu wengi, wazee wangu waliokufa wako, na hapana anayesema kwa mdomo. Wote wanasema kwa mikono, na hapana aliyechelewa kufahamu. Mama yangu mzee aliniuliza habari zako kwa vidole vyake, nami nikamjibu. Sikumbuki nilimjibu nini.

Nilikuwa nimekusudia kuimaliza barua hapa. Lakini ulipokwisha kutoka kwenda Mtongwe, alikuja mwanamke mmoja kutoka upande wa Ng'ombeni, amembeba mtoto wa kike mgongoni, mkubwa mno kubebwa. Alisimama mbali, akangoja watoto watoke.

"Maalim, nimesikia hapa kwenu watoto kama huyu huchukuliwa."

Alimshusha. Ana miaka mitano, pengine sita, hajapata kusikia tangu kuzaliwa. Alijificha nyuma ya kanga ya mamake. Nikamwita kwa mkono, hakuja. Hajui alama hata moja. Mamake alisema huwa wanamfungia ndani wakienda shamba.

"Yule binti yako," akauliza, "ndiye atakayemfundisha?"

Nikamwambia, "Binti yangu anasafiri kesho. Mlete Jumamosi. Nitamfundisha mimi."

Akashukuru, akaondoka, nami nikabaki nimesimama, nikijiuliza nimesema nini. Wewe ulinijia ukiwa na herufi zako tayari, na mamako alikwisha kukupa lugha. Huyu hana chochote. Jina lake ni Mwanasiti, na hajui kwamba ana jina.

Jumamosi ni baada ya siku tatu. Ukifika, kabla ya kufungua sanduku, kabla ya kupumzika, niandikie hata mistari miwili, mjomba wako arudi nayo. Niambie kama nianze na sufuria au na kibao, na mahali gani nikae asiniogope. Ulikaa miaka minne mlangoni pangu ukiningoja, wewe ndiye ujuaye. Niambie, mwanangu: ulitaka nianzie wapi?

Baba yako,
Maalim Hamisi
Likoni